Nikisoma naelewa, nikifunga kitabu sikumbuki

"Nina umri wa miaka 41 na nimerudi masomoni baada ya kukaa nje ya darasa kwa karibu miaka ishirini. Kazi yangu ya mchana inaendelea, kwa hiyo husoma usiku. Nikisoma sura ya kitabu naielewa kabisa, napigia mstari sehemu muhimu, kisha naisoma tena mara tatu au nne mpaka naona imekaa kichwani. Siku mbili baadaye nikiulizwa swali, sipati hata sentensi moja ya maana. Vitabu vyetu vimeandikwa kwa lugha ninayoifahamu vizuri, lakini si lugha niliyokua nayo. Wenzangu wenye miaka ishirini na kitu husoma huku wakijibu ujumbe kwenye simu, na bado wanafaulu. Nilifanya jaribio la IQ kwenye intaneti nikapata 94. Mwanafunzi mwenzangu ananiambia mimi ni mtu wa kujifunza kwa kusikia, kwa hiyo niache vitabu nirekodi sauti. Siku hizi pia huingia chumbani nikasahau nilichofuata. Je, kumbukumbu yangu imeanza kuharibika, au akili yangu ina kikomo na sikupaswa kurudi masomoni?"

Ndugu msomaji, barua yako imebeba maswali manne kwa pamoja, yaani la umakini, la kumbukumbu, la akili na la lugha, na mwishoni umeyafunga yote kwa hukumu kali ambayo ushahidi ulioutoa mwenyewe hauiungi mkono. Mtu anayeweza kueleza kwa mpangilio namna hii kwamba alisoma nini, mara ngapi, alipigia mstari wapi na alisahau baada ya siku ngapi, hanipi picha ya kumbukumbu inayoharibika. Ninachokiona ni namna ya kusoma ambayo humdanganya kila anayeitumia, awe na miaka 41 au 19, na ambayo humdanganya zaidi yule mwenye bidii. Yapo mambo machache ambayo yangenifanya nibadili maoni haya, nami nitayataja kabla sijamaliza.

Watu wengi huzungumza juu ya kumbukumbu kana kwamba ni kitu kimoja ambacho mtu amepewa kizuri au kibaya. Saikolojia ya utambuzi, ambayo ni tawi linalochunguza jinsi tunavyopokea, kutunza na kutumia taarifa, iliachana na mtazamo huo zamani. Mwaka 1968 Richard Atkinson na Richard Shiffrin walieleza kwamba taarifa huanzia kwenye hisi, ambako hudumu kwa muda mfupi mno, zikaingia katika kumbukumbu ya muda mfupi, na baadhi yake tu zikafika katika kumbukumbu ya muda mrefu. Ushahidi mzito wa mgawanyo huo ulitoka kwa Henry Molaison, Mmarekani ambaye mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa na kuondolewa sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, yaani sehemu ya ubongo inayosaidia kutunza kumbukumbu mpya. Baada ya upasuaji aliweza kuzungumza vizuri na aliweza kushika namba alimradi aliendelea kuirudia, lakini matukio mapya hayakubaki. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora umbo la nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku baada ya siku aliboreka, ingawa hakukumbuka kwamba aliwahi kulifanya zoezi hilo. Kumbukumbu yake ya muda mfupi ilikuwa nzima, ya ustadi wa mkono ilikuwa nzima, na ile ya matukio mapya ilikuwa imekatika.

Tofauti kati ya hali hiyo na yako ni kubwa. Wewe hukusahau kwamba umesoma. Unakumbuka ukurasa, unakumbuka usiku ule, na bila shaka ukiifungua sura ile utaitambua mara moja. Kinachokosekana ni uwezo wa kuyatoa maelezo yake bila kuyatazama, na huo ni uwezo ambao, kwa jinsi ulivyosoma, hujaufanyia mazoezi hata mara moja.

Hapo ndipo kiini cha jibu langu kilipo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Unaposoma sura kwa mara ya nne, macho hupita kwa wepesi, maneno hayakushtui tena, na kila sentensi unaijua kabla hujaimaliza. Wepesi huo ubongo huutafsiri kuwa ni ujuzi, ilhali ni kutambua tu. Aliyepelekwa mahali mara nyingi akiwa abiria huitambua kila kona ya njia, lakini akipewa usukani huduwaa kwenye njia panda ya kwanza, kwa sababu siku zote hizo hakuwahi kulazimika kuamua gari lielekee wapi. Kutambua kitu kilicho mbele yako na kukitoa kichwani kikiwa hakipo ni kazi mbili tofauti, na mtihani mara nyingi hudai hiyo ya pili.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliipima tofauti hii katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Wanafunzi wa chuo walisoma vifungu vya maandishi. Katika vifungu vingine walipewa nafasi ya kuvisoma tena, na katika vingine waliambiwa waandike yote wanayoyakumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, vifungu vilivyorudiwa kusomwa vilikumbukwa vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: vifungu vilivyorudiwa kusomwa vilikumbukwa kwa takriban asilimia 42, na vile vilivyofanyiwa zoezi la kukumbuka kwa asilimia 56. Katika jaribio lao la pili, waliorudia kusoma ndio waliotabiri kwamba watakumbuka vizuri zaidi, lakini ndio waliosahau zaidi. Yaani hisia ya "imekaa kichwani" unayoipata usiku ni ya kweli kwa dakika tano, na wewe umekuwa ukiitumia kutabiri siku mbili zijazo.

Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2013, John Dunlosky na wenzake walipitia tafiti nyingi kuhusu mbinu kumi za kujifunza. Kupigia mstari na kurudia kusoma vilipewa daraja la chini. Mbinu mbili tu zilipewa daraja la juu, nazo ni kujipima mwenyewe na kugawanya masomo katika siku tofauti. Sisemi kwamba kupigia mstari ni dhambi. Ni namna ya kuweka alama ya pa kurudi, na kwa kazi hiyo inafaa. Shida huja pale mstari unapochukuliwa kuwa ndio kazi yenyewe, kwa sababu mtu anaweza kuupiga huku fikra ziko kwingine kabisa.

Kuhusu kasi ya kusahau, usishangazwe na siku mbili. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha kazi yake mwaka 1885 baada ya kujifanyia majaribio mwenyewe kwa kutumia silabi zisizo na maana, aligundua kwamba usahaulifu huwa mkali sana mwanzoni na kisha hupungua kasi. Ndani ya saa moja alikuwa amepoteza zaidi ya nusu ya faida ya kujifunza kwake. Baada ya mwezi mzima hakuwa amepoteza nyingi zaidi ya zile alizopoteza siku ya kwanza. Maandishi yenye maana husahaulika polepole kuliko silabi zile, lakini umbo la mteremko ni hilohilo. Jambo ambalo husahaulika katika kumtaja Ebbinghaus ni namna alivyopima: aliangalia ni muda kiasi gani aliuokoa alipojifunza upya orodha aliyodhani imefutika, na karibu kila mara aliokoa kiasi. Sura unayodhani imepotea, kwa hiyo, mara nyingi haijapotea yote. Ukiirudia itakuja kwa haraka kuliko mara ya kwanza.

Sasa tuje kwenye kile kinachotokea wakati wa kusoma kwenyewe, kwa sababu hapo ndipo umakini na lugha vinapoingia. Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch walipendekeza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi haipokei tu bali pia hufanya kazi, na tangu hapo wengi tunaiita kumbukumbu tendaji. Ndimo tunamoshikilia mwanzo wa sentensi huku tukisubiri mwisho wake, au tarakimu za hesabu huku tukizijumlisha. Ina sehemu inayorudiarudia sauti za maneno, sehemu inayoshikilia picha na mahali, na msimamizi anayegawa umakini. Nafasi yake ni finyu kwa kila binadamu. George Miller, katika makala yake maarufu ya mwaka 1956, alitaja mafungu saba, zaidi au pungufu ya mawili. Nelson Cowan, mwaka 2001, alionyesha kwamba mtu akizuiwa kujirudishia maneno au kuyafunga pamoja, nafasi halisi hukaribia mafungu manne. Na kilichomo hakidumu. Lloyd na Margaret Peterson, mwaka 1959, waliwapa watu herufi tatu tu kisha wakawahesabisha kurudi nyuma ili wasipate nafasi ya kuzirudia. Baada ya sekunde 18, herufi zilizokumbukwa sawasawa zilikuwa takriban asilimia 10. Washiriki hao walikuwa watu wazima wenye afya njema.

Neno la maana hapo ni mafungu. Tarakimu 191419391945 ni kumi na mbili, na asiyeziona maana yake atashindwa kuzishika. Anayeijua historia ya vita vikuu vya dunia atashika miaka mitatu tu. William Chase na Herbert Simon, mwaka 1973, waliwaonyesha wachezaji wa chesi ubao kwa sekunde chache. Bingwa aliweza kupanga upya sehemu kubwa ya kete zilizotoka katika mchezo halisi, lakini kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake haukumsaidia karibu chochote. Kilichomtofautisha na mchezaji wa kawaida ni miaka ya maarifa iliyomwezesha kuona fungu moja pale ambapo mwingine anaona kete tano. Unaporudi darasani baada ya miaka ishirini, katika fani ambayo mafungu yake bado hujayajenga, kila sentensi ni kete zilizotawanyika. Hali hiyo hupungua kadiri fani inavyozoeleka, na ndiyo maana mwezi wa kwanza wa somo huchosha kuliko wa nne.

Lugha huongeza mzigo huo kwa njia isiyoonekana. Katika lugha uliyokua nayo, kutambua neno na kuipanga sentensi ni kazi inayojiendesha yenyewe. Katika lugha uliyojifunza baadaye, hata ukiwa mzuri, sehemu ya kumbukumbu tendaji hutumika kufumbua maneno, na kinachobaki cha kuunganisha hoja na hoja ni kidogo zaidi. Hapo unaweza kuelewa kila sentensi na usishike mkondo wa sura nzima. Kuna kipimo rahisi ambacho ningependa ukifanye kabla ya kitu kingine chochote. Chukua sura uliyoisoma siku mbili zilizopita, usiifungue, ujieleze mambo yake makuu kwa sauti katika lugha uliyokua nayo. Ikiwa maelezo yanakuja katika lugha hiyo na yanakataa kuja katika lugha ya kitabu, basi maarifa yapo na upungufu ni wa kuyavalisha maneno ya mtihani, na tiba yake ni mazoezi ya kuandika. Ikiwa hayaji katika lugha yoyote, tatizo liko katika namna yalivyoingia.

Nimeona pia kwamba unalalamika kutopata "hata sentensi moja". Huenda unatafuta kitu ambacho kumbukumbu haikuumbwa kukitunza. Jacqueline Sachs, mwaka 1967, aliwasikilizisha watu vifungu vya maandishi kisha akawapima kwa sentensi iliyobadilishwa kidogo. Baada ya silabi 80 tu kupita, muda usiofika nusu dakika, wengi hawakuweza kutambua kwamba muundo wa sentensi ulikuwa umebadilika, lakini maana ilipobadilika waliigundua. Sote hutunza maana na kuacha maneno yaende zake. Ukijipima kwa kujaribu kurudisha sentensi za mwandishi utajiona umeshindwa hata pale ambapo hoja yake unayo.

Kuhusu umakini, nataka kukuondolea wivu juu ya wenzako na simu zao. Mwaka 1953 Colin Cherry aliwapa watu ujumbe mmoja katika kila sikio na kuwataka waurudie mmojawapo kwa sauti. Juu ya ule mwingine walijua kama sauti ilikuwa ya mwanamume au ya mwanamke, lakini hawakujua ulisema nini, na hata lugha yake hawakuweza kuitaja kwa hakika. Donald Broadbent, mwaka 1958, alieleza matokeo ya aina hiyo kwa nadharia ya chujio: njia ni moja, na kisichochaguliwa huzuiwa mapema. Mwaka uliofuata Neville Moray aligundua kwamba takriban theluthi moja ya watu hulisikia jina lao likitajwa katika ujumbe wasiousikiliza, na kutokana na matokeo kama hayo Anne Treisman akaitengeneza upya nadharia kwa kusema kwamba chujio halizuii kabisa bali hupunguza nguvu. Mabishano ya mahali chujio lilipo yaliendelea kwa miongo, na mimi binafsi naona yalichukua muda mwingi kuliko yalivyostahili. Lililokubalika na pande zote ni kwamba hatuwezi kufuatilia maana za mikondo miwili ya maneno kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo anayesoma huku akijibu ujumbe anahama kutoka jambo moja kwenda jingine na kurudi. Robert Rogers na Stephen Monsell walionyesha mwaka 1995 kwamba kuhama huko kunagharimu muda hata pale mtu anapojua mapema lini atahama. Akipewa nafasi ya kujiandaa, gharama hupungua lakini haiishi. Wenzako wanailipa gharama hiyo. Pengine wanaifidia kwa kuwa hawana kazi ya mchana, au kwa kuwa walikuwa darasani mwaka jana tu na mafungu ya fani wanayo tayari. Usiwaige.

Na chumba unachoingia ukasahau ulichofuata kina maelezo hayohayo. Nia ya kufuata kitu hukaa katika kumbukumbu tendaji. Njiani ukawaza juu ya kazi ya kesho, wazo hilo likaisukuma nje ile nia. Ukirudi ulikoanzia mara nyingi hukumbuka, kwa sababu mazingira yale yanakupa kidokezo. Watu wa rika zote hupatwa na jambo hili, na wenye mambo mengi kichwani hupatwa zaidi.

Nimebakiza suala la akili, na hapa nitakuwa mkweli pande zote mbili. Jaribio la intaneti ulilofanya halina thamani ya kukuamulia lolote. Vipimo halisi hutolewa na mtu aliyefunzwa, ana kwa ana, katika mazingira tulivu, na alama zake hulinganishwa na za watu wa rika lako waliopimwa kwa utaratibu uleule. Hata kama 94 ingekuwa alama halali, wastani umewekwa kuwa 100 na takriban asilimia 68 ya watu huangukia kati ya 85 na 115. Wewe ungekuwa katikati ya kundi hilo, na kila kipimo kina ukingo wa makosa unaofanya tofauti ya alama chache isiwe na maana. Alfred Binet, ambaye pamoja na Théodore Simon alitengeneza kipimo cha kwanza cha kisasa huko Paris mwaka 1905, alikusudia kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni, na alipinga vikali wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka.

Upande wa pili ni huu. Sitakuambia kwamba akili haina uzito, kwa sababu unao. Charles Spearman aliona tangu mwaka 1904 kwamba wanaofanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine pia, na matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi kupita kiasi cha kuyakana. Uwezo wa kumbukumbu tendaji nao huenda sambamba na alama za akili. Raymond Cattell alitenganisha aina mbili: akili ya kukabili tatizo jipya ambalo maarifa ya zamani hayasaidii, na akili iliyojengeka kutokana na kusoma na kuishi. Ya kwanza, pamoja na kasi ya kufikiri, huanza kupungua polepole tangu ujana wa utu uzima. Ya pili, inayojumuisha msamiati na maarifa, huendelea kukua kwa miongo mingi. Kwa miaka 41 umepoteza kasi kidogo na umepata maarifa mengi. Unaweza kuhitaji muda mrefu kuliko wenzako kushika dhana ngeni kabisa, na ukiishaishika una mambo mengi zaidi ya kuiunganisha nayo. Hakuna katika hayo kinachokuzuia kusoma.

Ushauri wa mwenzako kwamba wewe ni mtu wa kujifunza kwa kusikia umeenea sana, na haujathibitishwa. Harold Pashler na wenzake waliuchunguza ushahidi mwaka 2008 na hawakuona tafiti za kutosha zinazoonyesha kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa njia inayolingana na aina yake. Watu wana wanachokipenda, jambo ambalo ni tofauti. Wengi huchanganya wazo hilo na nadharia ya akili nyingi aliyoitoa Howard Gardner mwaka 1983, inayosema kwamba binadamu ana akili za aina kadhaa, ambayo nayo walimu huipenda kuliko watafiti. Kurekodi sauti kunaweza kukufaa kwa sababu nyingine ya kawaida: kunakupa mguso wa ziada wa somo ukiwa njiani. Lakini kusikiliza tu bila kuulizwa chochote kutakurudisha kwenye udanganyifu uleule wa wepesi. Ukirekodi, rekodi maswali, acha ukimya wa kutosha kujibu, kisha rekodi jibu.

Ningekuwa wewe, ningepanga usomaji hivi. Soma sehemu fupi, kurasa tatu au nne, ukijiuliza kwa nini kila jambo liko hivyo. Fergus Craik na Endel Tulving walionyesha mwaka 1975 kwamba neno lililofikiriwa kwa maana yake hukumbukwa zaidi ya lile lililotazamwa kwa umbo au sauti yake tu, hata pale mtu asipojua kwamba atapimwa. Kisha funga kitabu na uandike kwenye karatasi tupu yote unayoyakumbuka, kwanza katika lugha yoyote inayokuja, halafu katika lugha ya mtihani. Fungua tena, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, kwa sababu kosa lisilosahihishwa nalo hukaa. Kesho yake anza kwa karatasi tupu ya sura ile kabla ya kufungua mpya, rudia baada ya siku tatu hivi, kisha baada ya wiki au zaidi. Kadiri mtihani ulivyo mbali, ndivyo mapengo yanavyopaswa kuwa marefu. Usomaji wa mara ya tatu na ya nne uuache, na muda wake ndio utakaotumika kwa haya.

Nikuonye kwamba utajisikia vibaya. Karatasi za kwanza zitakuwa karibu tupu, na njia hii itaonekana ya mtu asiyejua kitu ikilinganishwa na ule wepesi wa zamani. Robert Bjork ameyaita mambo ya aina hii ugumu wenye manufaa: kile kinachoifanya kazi iwe nzito wakati wa kujifunza ndicho kinachoifanya ibaki. Ipe wiki tatu au nne kabla ya kuihukumu. Michezo ya simu inayodaiwa kunoa ubongo usipoteze muda nayo. Humfanya mtu awe hodari katika mchezo huo, na uhodari huo hauvuki kwa kiasi cha maana kwenda kwenye masomo. Usingizi usiukate ili kupata saa moja zaidi ya kusoma. Tangu John Jenkins na Karl Dallenbach walipolinganisha mwaka 1924, imejulikana kwamba aliyelala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko aliyekaa macho kwa muda uleule. Kama kazi inakuchosha sana jioni, dakika arobaini za asubuhi zinaweza kuzidi saa mbili za usiku wa manane.

Yapo mazingira ambayo barua haitoshi, na ningekutaka umwone daktari ana kwa ana. Usahaulifu ukianza ghafla, au ukiambatana na ulegevu wa upande mmoja wa mwili, uso kupinda au maneno kuvurugika, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa inaweza kuwa kiharusi. Ukianza kupotea katika njia unazozijua, kuuliza swali lilelile mara kadhaa ndani ya saa moja bila kujua kwamba uliuliza, kusahau matukio mazima badala ya maelezo yake, au kushindwa kazi uliyoifanya kwa miaka, usisubiri mtihani upite. Nenda pia ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili umekosa furaha, hamu na usingizi, kwa sababu sonona na wasiwasi uliopitiliza hula umakini kabla ya kitu kingine. Ikiwa unakoroma sana na kuamka umechoka. Au ikiwa umeanza dawa mpya, kwani baadhi ya dawa za usingizi na za mzio hufifisha kumbukumbu. Matatizo ya tezi ya thairoidi na upungufu wa vitamini B12 navyo hupimwa kwa damu na hutibika. Na kama tangu utotoni umekuwa mtu wa kushindwa kutulia, kupoteza vitu na kuacha kazi katikati, au kusoma maandishi kumekuwa vita katika lugha zote mbili, tafuta mwanasaikolojia anayefanya tathmini kamili; hapo ndipo kipimo halisi cha akili kina kazi, kwa sababu huonyesha ni uwezo upi uko imara na upi unahitaji msaada.

Ukienda, andika kabla mifano michache ya mambo uliyosahau pamoja na siku yalipotokea, saa unazolala, na dawa zote unazotumia. Nenda na mtu unayeishi naye. Katika maradhi halisi ya usahaulifu mara nyingi wa nyumbani huwa na wasiwasi kuliko mwenyewe, na daktari atataka kusikia maelezo ya nyote wawili.